Gunia la Watu Wawili

Mama Feza wa mtaa wa Rugenge alikuwa na siku moja katika mwaka ambayo aliihesabu kuwa mali yake, na ole wako uiguse. Ilikuwa tarehe sita ya mwezi wa nane. Siku hiyo, saa sita kamili za mchana, aliingia studio ya Redio Ukingo akiwa amevaa kitenge chake kizuri, ingawa redioni hakuna anayekuona, akavuta mikro karibu na mdomo na kuwasimulia watu wa Uvira, mji wa Kongo kando ya ziwa, habari ya jiwe. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa mfululizo. Umeme ukikatika alisubiri jenereta. Malaria ikimshika alimeza dawa na kuja hivyo hivyo, anatetemeka.

Habari yenyewe ilikuwa ya babu yake, mzee Kitenge. Wakati wa Wabelgiji, kijana Kitenge alichukuliwa kutoka kwao Luvungi pamoja na wenzake, wakapandishwa lori, kisha meli, kisha treni, mpaka Katanga, kwenye machimbo ya Shinkolobwe. Huko walichimba jiwe jeusi, zito kupita kiasi, wakalichambua kwa mikono mitupu na kulishona ndani ya magunia. Gunia lilikuwa dogo, lakini mtu mmoja hakuliweza. Walibeba wawili wawili, mmoja huku na mmoja kule. Aliyeshika upande wa pili wa gunia la Kitenge alikuwa mtu wa ng'ombe kutoka milimani, ambaye aliimba nyimbo za kuita ng'ombe kutwa nzima mahali ambapo hapakuwa na hata mkia wa ng'ombe. Hapo wasikilizaji walicheka, na Feza aliwaachia wacheke.

Kisha aliwaambia jiwe lilikokwenda. Lilikwenda Amerika, likatengenezwa bomu, na asubuhi moja ya mwezi wa nane bomu hilo likaangushwa juu ya mji wa Hiroshima, saa ambayo watu wanakwenda kazini na watoto wako nje. Mzee Kitenge alikuja kuambiwa hayo na mwalimu mmoja miaka zaidi ya ishirini baadaye, mvi zimeshaingia. Aliuliza swali moja tu: "Na batoto pia?" Mwalimu akamwambia ndiyo, na watoto. Mzee akaingia ndani akafunga mlango, wala hakula siku hiyo.

Mwisho Feza alisema maneno ambayo aliyajua kwa moyo, na ambayo mji mzima uliyajua pia:

"Wanasema mabomu hayo ni ya kutishia tu. Mwenye nalo moja anaogopwa. Anayeogopa anatengeneza mawili. Wa kwanza akiona mawili anatengeneza kumi. Sasa wanayo maelfu, na wote bado wanasema ni ya kutishia tu. Lakini ndugu msikilizaji, huwezi kumtishia mtu kwa kitu ambacho hauko tayari kukitumia. Na aliye tayari kuchoma watoto wa mwenzake amekwisha kuwachoma ndani ya moyo wake, hata kama mkono wake haujafanya kitu."

Wanawake wa sokoni walimwita Mama ya Jiwe. Alijifanya jina hilo linamkera, lakini siku likikosekana alirudi nyumbani amenuna.

Halafu akaja Mukarusanga.

Mukarusanga alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, Munyamulenge, wa kabila la wafugaji ambalo wengi mjini husema limetoka ng'ambo ya mpaka, mzaliwa wa haut plateau, ile milima mirefu inayoutazama mji. Familia yake ilishuka Uvira ng'ombe wao walipoibiwa wote, na mama yake sasa aliuza maziwa mlangoni pa nyumba ya kupanga. Alifika redioni na diploma yake ndani ya bahasha ya plastiki, na sauti ambayo hata akitangaza kifo unatamani arudie. Feza mwenyewe ndiye aliyemfundisha: umbali wa mdomo na mikro, jinsi ya kupumua katikati ya sentensi, jinsi ya kukohoa bila kusikika. Miezi ya kwanza alimwita mwanangu, na alimaanisha.

Mambo yaliharibika juu ya kikombe cha chai. Mukarusanga alimweleza siku hiyo, kwa furaha ya mtu anayeleta zawadi, kwamba alipokuwa msichana mlimani walikuwa wakimsikiliza Feza kwa redio ndogo ya betri, yeye na babu yake Mugabo. Sauti ilipofika kwa yule mtu wa ng'ombe, mzee aliinua fimbo watu wote wanyamaze. "Pengine ni minye," alisema, akijigusa kifua. "Ao pengine ni mungine. Tulikuwa bengi benye kuimbia ng'ombe kule." Tangu siku hiyo Mukarusanga alijua kwamba iko siku atafanya kazi katika redio ile.

Mtu mwenye roho iliyonyooka angemkumbatia. Feza alikoroga chai yake, ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani, akasikia kitu kikimpanda kutoka tumboni. Ulikuwa wivu, na tuutaje kwa jina lake kwa sababu yeye mwenyewe hakuutaja. Kwa miaka yote gunia lilikuwa la babu yake. Yule wa upande wa pili alikuwa wa kuchekesha tu, hana jina, hana ukoo. Sasa amepata jina, na mjukuu, na mjukuu ana sauti!

Karim, mkurugenzi wa redio, mtu wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara walioingia mjini tangu zama za misafara ya ziwa, aliposikia aliruka juu. Aliamuru kwamba tarehe sita watasimulia wawili. Mwaka wa kwanza Mukarusanga aliimba wimbo wa ng'ombe wa babu yake, na simu zilipigwa mpaka jioni. Mwaka uliofuata Feza alileta kisahani cha bati chenye namba ya kazi, alichovaa mzee Kitenge shingoni kule machimboni, akakigonga mbele ya mikro ili watu wasikie mlio wake. Mukarusanga akaja na kaseti ya sauti ya mzee Mugabo, iliyorekodiwa kabla hajafa. Feza akapanda pikipiki mpaka Luvungi, akarudi na vikongwe wawili waliomfahamu Kitenge, na mmoja wao alisinzia hewani. Programu ya dakika kumi ikafika saa moja na nusu.

"Bamama," Karim aliwaambia, "hii programu ya amani imekuwa vita."

Walicheka wote watatu. Kati ya wale wanawake hakukuwa na neno baya hata moja, na walipeana chumvi wakati wa kula. Lakini kila mmoja alipotoka studio, mwenzake alitazama begi lake akijiuliza kuna nini kipya humo ndani.

Ndipo barua ikafika kutoka Hiroshima. Kikundi cha watu ambao wazazi wao waliungua siku ile kilikuwa kimesikia habari ya redio moja ndogo pembeni mwa ziwa Tanganyika. Kiliomba mtu mmoja wa Kongo, ambaye ukoo wake ulichimba lile jiwe, aje tarehe sita asimame mbele yao aseme. Nauli watatoa wao. Mtu mmoja.

Karim alikaa na barua wiki mbili. Mwishowe alimwita Feza ofisini, akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Mama Feza, weye ni mama yetu hapa," alianza.

Wakianza kukuita mama yao, jua kwamba kitu wamekwisha kumpa mwingine. Mukarusanga alikuwa na pasipoti, Mukarusanga alijua Kiingereza cha kutosha, Mukarusanga alikuwa bado na magoti ya kupanda ndege nne. Feza alisema sawa. Alisema Mungu atangulie. Akaenda nyumbani akaunguza sufuria nzima ya ndagala, dagaa wa ziwa, akakaa kwenye kigoda katikati ya moshi, akachukua simu na kumrekodia jirani yake Amandine ujumbe wa sauti.

"Unaona vile bananifanya, Amandine? Miaka kumi na tisa peke yangu! Na yule atasimama kusema Kongo juu ya nini? Yule iko mutu wa hapa? Babu yake tunajua alitokea upande gani?"

Mtu asiyeishi Uvira hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Kila mtu mjini anayo. Yanakaa ndani ya nyumba kimya kimya, na wengi wanakufa bila kuyatumia. Lakini yanapotoka mahali pa wazi, hayachagui. Miaka michache nyuma mtu mmoja ambaye hajulikani mpaka leo aliyapaza sokoni, huyu si wa hapa, inasemekana akimlenga mfanyabiashara mmoja aliyegombana naye. Yule mfanyabiashara hakuguswa kabisa. Waliopigwa mawe ni wauza maziwa watatu ambao hawakujua hata ugomvi ulihusu nini, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Feza mwenyewe ndiye aliyesoma redioni ujumbe wa kutuliza watu, siku tatu mfululizo.

Kwa hiyo alijua. Hilo lazima lisemwe.

Redio Ukingo ilikuwa na kipindi cha komunike, saa kumi na moja jioni. Watu walileta karatasi: msiba, harusi, mbuzi aliyepotea, mkutano wa wazazi. Karatasi zilitupwa ndani ya karto moja, boksi lililokaa pale mapokezi, na mtangazaji wa zamu alizisoma moja baada ya nyingine bila kubadilisha neno. Sheria hiyo aliiweka Feza, baada ya mtangazaji mmoja kufupisha tangazo la msiba, akaruka jina la mtoto mkubwa, na ukoo mzima ukaja redioni na fimbo. Tangu hapo, karatasi yenye kashe, yaani muhuri wa redio, inasomwa kama ilivyo. Isiyo na kashe inatupwa. Na kashe ilikaa ndani ya droo ya Feza; yeye ndiye aliyeipiga.

Siku ya tatu baada ya kuambiwa na Karim, Feza alijifungia ofisini kwake, akaandika kwa herufi kubwa kubwa zisizo za mwandiko wake. Karatasi ya kwanza hakuridhika nayo, ilikuwa na hasira nyingi mno, akaikunja akaitia ndani ya begi. Ya pili ilikuwa fupi:

"Sisi wasikilizaji tunauliza. Huyu mnayemtuma Japani kwa jina la Kongo ni wa wapi? Redio ijibu, la sivyo wananchi watakuja kujijibu wenyewe."

Hakuna jina chini. Akapiga kashe, akaitupa ndani ya karto kati ya karatasi nyingine. Ilikuwa saa nane. Laure, mtangazaji wa zamu, msichana wa kusoma haraka asiyefikiri anachosoma, angeisoma saa kumi na moja. Karim angeogopa, angeita mkutano, angesema basi aende Mama Feza tusilete matatizo. Hayo tu. Hakutaka mtu aumie. Alijiambia hivyo njiani mpaka Rugenge, na alipofika alijiambia tena.

Saa kumi na moja alikuwa uani kwa Amandine wakichambua mchele wa Luberizi, redio juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wimbo wa kipindi ukapigwa. Kisha sauti ikasema jioni njema, na haikuwa ya Laure.

"Aa, leo ni Mukarusanga," Amandine alisema kwa kuridhika. "Huyu ndiye napenda kusikia."

Feza aliweka chini ungo. Mchele ukamwagika na hakuutazama. Katika hesabu zake zote, na alikuwa amepiga nyingi, hakuwahi kufikiri kwamba karatasi ile ingeweza kusomwa na mdomo wa mtu aliyelengwa.

"Unaenda wapi, mama? Feza!"

Alishatoka. Kutoka Rugenge mpaka redioni ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa miaka yake, na pikipiki hakuiona hata moja. Alikwenda nusu mbio, ameshika kitenge kwa mkono. Saa ile kila nyumba ilikuwa imefungulia Redio Ukingo, kwa hiyo sauti ya Mukarusanga haikumwacha. Ilimtoka nyumba hii ikampokea nyumba ile. Familia ya marehemu inawatangazia. Kwa fundi viatu: mbuzi mweupe mwenye kovu. Kwa muuza mkaa: kwaya ya vijana wa Luvungi watafika kwa maombi. Kila karatasi ilipokwisha Feza aliomba inayofuata isiwe ile, na kila mara haikuwa, na kila mara ikawa imekaribia zaidi.

Alipita mbele ya ile nyumba ya kupanga. Mama yake Mukarusanga alikuwa amekaa mlangoni na madumu yake ya maziwa, redio mapajani, anatabasamu kwa kumsikia mwanawe. Wajukuu wawili wenye sare za shule walikuwa wanachora chini kwa kijiti. Mama huyo alimpungia Feza mkono. Feza hakuweza kuinua wake. Kichwani mwake sauti ya babu yake, sauti ya kweli, ambayo hakuisikia tangu akiwa mtoto, iliuliza swali lake: na batoto pia?

Wakati huo huo redio ikanyamaza.

Si kwa kukatika umeme. Ule mlio mdogo wa mikro iliyo wazi ulikuwa unasikika. Muuza maziwa akaitikisa redio yake. Feza alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikampigia honi. Kimya kiliendelea. Kisha Mukarusanga akapumua katikati, vile alivyofundishwa, akasema: "Matangazo yetu yameishia hapo. Tunawatakia jioni njema."

Feza alipoingia studio, Mukarusanga alikuwa amekaa peke yake, ameshavua spika za masikioni. Karatasi ilikuwa mezani mbele yake, imekunjuliwa.

"Laure iko wapi?" Feza aliuliza, na aliona mwenyewe upuuzi wa swali.

"Dada yake amezaa. Mutoto mwanamuke." Mukarusanga alisukuma karatasi kwa kidole. "Hii haiko na jina, mama. Haiko na saini. Lakini iko na kashe. Kashe iko mu droo yako, na fungulo iko kwa shingo yako."

Feza alishika shingo. Miaka yote hiyo ya kupiga kashe, mkono wake ulikuwa umeipiga na hii kwa mazoea, wala kichwa hakikuulizwa. Bila kashe isingesomwa, na kwa kashe ilikuwa na jina lake.

"Nilitaka kumutisha Karim tu," alisema. "Ilikuwa ya kutishia tu."

Maneno yalitoka yenyewe na akayasikia yakitoka, kwa sauti yake ile ile, mbele ya mikro ile ile. Mukarusanga naye aliyasikia. Alicheka kidogo, cheko lisilo na raha, kisha akachukua simu na kuibonyeza. Sauti ya Feza ikajaa studio: yule iko mutu wa hapa? Babu yake tunajua alitokea upande gani?

"Amandine," Feza alinong'ona.

"Amandine anamutumia dada yangu, dada yangu ananitumia. Minye pia nilikuwa na yangu, unaona? Siku tatu minatembea nayo. Nilishaandika barua ya Karim. Nilishaandika ya bale ba Japani, nibaambie basikilize vile Mama ya Jiwe anasema akiwa nyumbani. Hungebaki hapa hata siku moja."

"Juu ya nini hukutuma?"

"Nilikuwa nangoja weye uanze."

Nje watu walipita wakiongea habari zao. Feza alikaa kwenye kiti cha wageni, kile cha mguu mfupi.

"Na leo nimeanza," alisema.

"Leo umeanza. Nilishika karatasi hii hewani, nikasema ndani yangu, aya, sasa niko na haki. Niliona furaha, mama, sikudanganye. Halafu nikaona nikituma yangu, kesho utatafuta ingine kubwa. Na minye pia. Siku moja tutasahau ni nani alianza, na benye batakuwa kwa barabara siku ile, haitakuwa weye na haitakuwa minye." Alibonyeza simu, akaigeuza ili Feza aone. "Nimefuta."

"Nitajua namna gani haukubakisha ingine?"

"Hautajua."

Akakunja ile karatasi yenye kashe, akampa mkononi, akaanza kuzungusha waya za mikro.

Feza alisimama. Mtu angetegemea kwamba moyo wake ulijaa shukrani, na shukrani ilikuwepo, mahali fulani pa chini. Juu yake ulikaa wivu, mkali kuliko siku ya barua, kuliko siku ya chai. Huyu niliyemfundisha mimi! Sauti amenishinda, safari amenishinda, na sasa hata wema. Alifika mlangoni. Ndani ya begi lake ilikuwemo ile karatasi ya kwanza, iliyokunjwa, yenye hasira nyingi mno. Hakuna aliyejua kwamba ipo. Mukarusanga hakuuliza, na angeuliza Feza angemwambia haiko. Unaweza kuweka kitu kama kile miaka mingi, kwa usalama, huwezi kujua siku zinazokuja. Ndivyo alivyofikiri, na mkono wake ukiwa kwenye kitasa.

Hakuvumilia. Siwezi kusema ni wema uliomrudisha. Hakuvumilia kutoka mlangoni pale na kumwacha yule mwanamke awe mwema peke yake. Alirudi, akafungua begi, akaitoa karatasi, akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja.

Mukarusanga aliisoma. Alipofika katikati aliweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Umeandika avenue yetu," alisema. "Umeandika na rangi ya mulango."

"Niliandika."

"Mama yangu iko pale, Mama Feza."

"Najua. Kwake ndiko ninanunuaka maziwa."

Mukarusanga alilia basi, kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya mbele ya karatasi yenye kashe. Feza hakumgusa. Alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza. Walichana zile karatasi mbili vipande vidogo, kila mmoja upande wake wa meza.

"Sijue kama nitakusamehe," Mukarusanga alisema mwishoni, akifuta uso.

"Ndiyo," Feza alijibu. "Minye pia sijue."

Asubuhi iliyofuata alimwambia Karim yote kwa mdomo wake mwenyewe, kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kuwa mkweli kuliko yeye. Karim akampa Laure kashe, akamwondoa Feza kwenye mikro mpaka tarehe sita, na tangu siku hiyo hakumwita tena mama yetu.

Siku Mukarusanga alipoondoka, Feza alimfuata mpaka Kavimvira, mpakani mwa Burundi, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Alimkuta kwenye mstari na sanduku lake, pamoja na mama yake. Alitoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake kisahani cha bati.

"Useme jina lake," alimwambia kwa ukali. "Usiende kusema mwenzake babu yangu, mwenzake babu yangu. Kitenge. Kitenge wa Luvungi."

"Nitasema."

"Na ukirudishe."

Mukarusanga alikitia mfukoni, akapita.

Tarehe sita, saa sita kamili, Feza aliketi mbele ya mikro na kitenge chake kizuri. Kule ilikuwa jioni. Simu ilikuwa imeunganishwa, mlio wa mbali ulikuwa unavuma masikioni mwake, na Laure alimpa ishara amtambulishe mgeni. Ni kazi ndogo. Unasema mtu ni nani, unasema ni wa wapi, unamwachia nafasi. Alisema jina. Kisha akafika pale pa pili, na neno likakwama. Wivu ulikuwa umelikalia. Mji mzima ulikuwa unasikiliza; muuza maziwa alikuwa na redio mapajani.

"Mukarusanga," Feza alisema tena. "Mutoto wetu. Wa hapa kwetu Uvira."

Upande wa pili ikasikika pumzi, mahali pake hasa.

"Gunia lilibebwa na watu wawili," sauti ikasema kutoka Hiroshima. "Wa kwanza aliitwa Kitenge, wa Luvungi."

Kisahani kikagongwa, na mlio wake ukafika mpaka studio.

"Anasimulia muzuri kunishinda," Feza alimwambia Laure, mkono juu ya mikro. Kile kitu cha tumboni kilikuwa pale pale, hakijahama hata kidogo. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.